Breki ya Mzee Mkate

Jumapili ile niliamka na hasira niliyolala nayo. Jumamosi jioni, natoka zangu gereji nimechoka, fundi cherehani wa pale chini ya mteremko akanisimamisha mbele ya wateja wake. "Fundi," akasema, "mzee wako leo asubuhi nusura aingie na pikipiki dukani kwangu. Amepanda kibaraza! Mteja nilikuwa nampima suruali, karuka nayo na pini zake zote." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu akaongeza, "Na mjukuu kamweka mbele, juu ya tangi. Namuuliza kulikoni, anasema breki hazishiki. Sasa wewe si ndiye fundi pikipiki? Kweli kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, lakini baba yake hamwachi na ndevu," nikamjibu, nikaondoka kabla sijamvunjia heshima mtu mzima.

Huyo mjukuu ni mwanangu. Ana miaka saba, yuko darasa la pili, na nyumbani tunamwita Kengele kwa sababu akianza kusema hakuna wa kumzima. Mimi na baba yake tuliachana zamani, kwa hiyo tunaishi kwa wazazi wangu. Natoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda kufungua gereji, na anayempeleka mtoto shule, na hata kwenye masomo ya Jumamosi, ni babu yake. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu. Ili ufike barabara kuu lazima ushuke ule mteremko wa kokoto, na pale chini malori ya mchanga hupita kama yanakimbizwa. Anayeushuka bila breki hafiki shule.

Na baba yangu alikuwa ameushuka hivyo, na mwanangu mbele, wala hakuniambia neno. Nimeyasikia kwa fundi cherehani! Ndiyo maana nasema nililala na hasira.

Baba yangu mtaa mzima unamwita Mzee Mkate. Miaka ishirini na sita alisambaza mikate ya kiwanda kwa pikipiki, sanduku la mbao nyuma, kila siku kabla watu hawajaamka. Alijua kila duka na kila mbwa. Alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kuangusha mkate hata mmoja, na ukimwambia labda siku moja ya mvua, anaacha kula, anakusimulia siku za mvua zote. Kiwanda kilipomstaafisha walimpa saa ya ukutani, wakamshukuru. Saa hiyo hakuitundika. Akanunua pikipiki yake mwenyewe, akaanza kuwapeleka watu sokoni, mama wajawazito zahanati, wanakwaya mazoezini, mara nyingi bure. Kengele alipoanza shule, Baba akapata kazi tena. Saa moja kamili anakuwa ameshavaa kofia ngumu, anapiga honi mlangoni kana kwamba kuna abiria mia wanamsubiri.

Ufundi pia alinifundisha yeye, lazima niseme, hata kama siku ile sikutaka kulikumbuka hilo. Nilikuwa na miaka minane. Alikuwa akinikalisha juu ya kiti cha pikipiki, yeye chini kwenye gurudumu, mimi juu kwenye mkono wa breki. Akisema "Bana!" nabana kwa mikono miwili. Akisema "Achia!" naachia. Nikiachia kabla ya kuambiwa, balaa. "Umeingiza upepo! Kazi yote umeimwaga!" Nililia juu ya kile kiti mara nyingi kuliko nilivyolia shuleni. Lakini nilipoomba kazi gereji, na wanaume wakaniuliza kama nimepotea njia ya saluni, ni Baba aliyekuja akakaa pale kwenye tairi kuukuu siku nzima, mikono kifuani, akimwambia kila anayeingia, "Huyo nimemfundisha mimi."

Basi, Jumapili saa tatu nikaisimamisha pikipiki uani kwa stendi ya kati, nikamwita.

"Baba, breki hazishiki tangu lini?"

"Tangu juzijuzi," akasema. Alikuwa kavaa shati lake la Jumapili, limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Ni mafuta tu hayo. Yamezeeka."

Nikaujaribu mkono wa breki ya mbele, ule wa upande wa kulia. Nikaona si mbaya hivyo. Nikafungua kile kikopo kidogo cha mafuta juu ya usukani: yamekuwa meusi kama chai iliyolala. Hapo nikamwamini. Mafuta ya breki huvuta unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi, na yakishavuta maji, ukibana sana yanachemka na breki inakuwa laini. Nikajilaumu hata mimi. Pikipiki za watu nazibadilishia mafuta kila mwaka, ya baba yangu nimeiacha inakunywa chai.

Nikafunika tangi na taa kwa shuka kuukuu, maana mafuta hayo yakidondokea rangi yanaila mpaka bati. Ndoo ya maji karibu, matambara karibu. Nikayafyonza yale meusi kwa bomba la sindano, nikakipangusa kikopo, nikajaza mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Chini, kwenye kile kinati cha kutolea upepo, nikachomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha ya pili ndani ya chupa tupu. Spana namba nane mkononi, kigoda chini yangu.

"Baba, panda ubane."

"Mimi ndiye nikae chini na spana," akasema.

"Magoti yako hayo? Panda."

Akapanda. Nakumbuka alikawia, nami nikadhani ni uzee wa magoti.

Kazi yenyewe haina uchawi. Wa juu anabana, anashikilia. Wa chini anafungua kinati robo mzunguko, mafuta machafu na upepo vinatoka, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla kinati hakijafungwa, kila ulichokitoa kinarudi, tena na nyongeza. Na wa chini hana nafasi ya kutazama juu. Macho yako yako kwenye mpira, unahesabu mapovu.

"Bana!"

"Nimebana."

Nikafungua. Mafuta yakatoka kidogo, kwa uvivu, kisha nikayaona kwa macho yangu yakipanda mpira kurudi yalikotoka.

"Baba, umeachia!"

"Sijaachia."

Tukarudia. Yakarudi. Tukarudia. Yakarudi na povu kubwa. Chupa ya kwanza ikaisha hivyo, nikasimama, nikajaribu breki: mkono ukaenda mpaka ukagusa usukani bila kushika kitu. Tulianza na breki isiyo mbaya, sasa hatuna breki kabisa!

"Baba, unaachia kabla sijasema."

"Ni hayo mafuta yako. Siku hizi wanauza maji yametiwa rangi." Akamgeukia mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. "Mafundi wa siku hizi, wakishindwa, lawama kwa wazee."

Mama hakuinua uso. "Msiniingize," akasema.

Jamani! Mafundi wa siku hizi! Mimi niliyeacha mapumziko yangu ya siku moja kwa wiki, nimekaa juu ya kigoda mgongo unaniuma kwa ajili ya pikipiki yake! Nikafungua chupa ya pili kwa hasira mpaka foili ikanikata kidole.

"Sikiliza," nikasema. "Nikisema bana, bana. Na ubaki hapo hapo mpaka niseme. Hata nzi akikutua puani, usiachie."

"Unamfundisha nani?"

"Ninayemfundisha anajijua!"

"Hee," akasema Mama mlangoni. Hilo tu.

Chupa ya pili ikaenda nusu, hadithi ile ile. Kila nikifungua, yanatoka matone mawili, yanarudi matatu. Nikamwambia shuka, nitabana mwenyewe kisha niufunge mkono wa breki na mpira wa tyubu, kazi iishe. Akakataa katakata. "Ufunge na mpira? Mimi niko hapa, hai, ufunge na mpira? Sijafa!"

"Basi bana kama mtu ambaye hajafa!"

Nililisema hilo kwa baba yangu. Likatoka, likawa limetoka. Mama akaacha mchele.

Baba akageukia mlangoni. Kisha akaita, "Kengele! Njoo ukae na babu hapa, uone kazi."

Kengele akaja mbio kutoka ndani. "Asiguse mafuta," nikasema, bila kuinua kichwa, maana nilikuwa nimeshainama, napangusa kinati. Nikasikia pikipiki ikitikisika anapanda. Nikashika spana.

"Bana!"

"Bana," Baba akarudia, polepole.

Nikafungua. Loo! Mafuta yakaja kwa nguvu, mstari mmoja, yakisukuma povu mbele yake mpaka kwenye chupa. Nikafunga.

"Achia!"

"Achia," akasema Baba.

Hayakurudi. Tone halikurudi. Tukaenda tena, na tena, mara ya sita mafuta yakawa meupe kama yalivyo dukani, hamna hata povu la kichwa cha pini. Hasira ikanishuka yote kwa mara moja. Nikacheka kabisa pale chini. "Sasa hiyo ndiyo kazi, Mzee Mkate! Kumbe ulikuwa unanitania tangu asubuhi!" Nikakaza kinati kwa mara ya mwisho, nikavuta mpira, nikainuka kumshika bega.

Mikono miwili midogo ilikuwa kwenye mkono wa breki. Kengele alikuwa amekaa juu ya tangi, juu ya ile shuka, ulimi nje kwa bidii, vidole vyote vinane vimefungwa barabara, anangoja kuambiwa. Mkono wa kulia wa baba yangu ulikuwa umelala juu ya paja lake.

"Nani alikuwa anabana?" nikauliza.

"Mimi," akasema Kengele. "Mimi najua kubana. Hata barabarani ni mimi. Babu akisema bana, nabana. Akisema achia, naachia. Siku ya lori nilibana mpaka vidole vikauma, Babu akaninunulia peremende." Baba akamwambia nyamaza, lakini nani amewahi kuizima kengele hiyo? "Jana nilichelewa kidogo tu, Mama. Nilikuwa naangalia gauni la bibi harusi pale kwa fundi cherehani."

Nakumbuka spana ililia kwenye ukuta wa choo, kwa hiyo lazima niliirusha. Nakumbuka nilimshusha mwanangu kutoka kwenye lile tangi kwa nguvu mpaka akaogopa, nikamwambia akae kizingitini.

"Siku ya lori?" nikasema. "Baba. Siku ya lori gani?"

"Lilisimama."

"Lilisimama! Lori ndilo lililosimama! Mtoto wa miaka saba ndiye breki yako? Anayeshindwa kufungua chupa ya maji? Unashuka mteremko ule, malori yale, na roho yako na yake umeziweka kwenye vidole vya mtoto anayeangalia magauni!"

"Gesi naisukuma kwa bega, na breki ya mguu ninayo," akasema.

"Kwenye kokoto? Wewe uliyenifundisha kwamba ya nyuma peke yake kwenye kokoto ni kuteleza? Wewe uliyenivuta sikio kwa povu moja?"

"Punguza sauti," akasema Mama. "Majirani."

"Waje! Waje wote, na fundi cherehani aje na tepu yake, atupime akili humu ndani!" Nikamgeukia Baba. "Mkono una nini?"

Alijaribu kuuondoa pale pajani, akausogeza kwa ule wa kushoto, kama mtu anayehamisha kitu cha mwenzake. Mama ndiye aliyejibu.

"Umekufa ganzi. Mwezi wa tatu sasa. Aliamka nao hivyo."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati," akasema Mama.

Hapo ndipo nilipowaka kweli. Baba kuficha, namjua. Huyo hata jino likimuuma anasema ni mfupa wa samaki. Lakini Mama! Kila asubuhi amesimama pale mlangoni, amemfunga mumewe vifungo, amemfunga kamba za kofia, kisha akampandisha mjukuu wake juu ya tangi na kumpungia mkono.

"Nilimwambia aende zahanati, akakataa," akasema. "Nilimwambia akwambie. Mwanangu, ukimnyang'anya huyu pikipiki, mwaka hauishi utamzika."

"Na nisipomnyang'anya nitamzika nani, Mama?"

Mama akakitazama kizingiti, mahali Kengele alipokaa na mikono yake kwapani.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamwambia Baba. "Kesho unakwenda hospitali. Na pikipiki hii huipandi tena na mtoto. Huipandi tena hata peke yako. Lete ufunguo."

Akashuka. Alishuka kwa shida, mguu mmoja ukanasa kwenye shuka, nikanyoosha mkono akaukataa. Alipokuwa amesimama sawasawa uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, hata nilipokuwa mtoto.

"Mimi ndiye niliyeinunua," akasema. "Hukuinunua wewe, wala kiwanda. Miaka ishirini na sita nimeamka saa tisa kwa ajili ya matumbo ya watu, na hakuna aliyeniuliza mkono wako una nini. Leo unanipigia kelele uani kwangu, mbele ya mke wangu, kwa sababu ya vidole! Nikikaa hapa nifanye nini? Nichambue mchele?"

"Chambua!"

"Mimi ndiye ninayempeleka mtoto yule shule. Wewe unatoka kumelala. Anachopenda kula ninakijua mimi. Mwalimu wake ananijua mimi. Wewe hata jina la rafiki yake hulijui."

Hiyo iliniingia, kwa sababu ni kweli, na ukweli wake ukazidi kunipandisha. "Silijui," nikasema. "Lakini nataka awe hai nije nimuulize. Ufunguo, Baba."

Akauingiza mkono wa kushoto mfukoni, akautoa ufunguo, akaunyanyua nikauona. Kisha akauweka kwenye kiganja cha mkono wa kulia, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja kwa kusaidiwa na ule wa kushoto, akaninyooshea ngumi.

"Unasema mkono huu umekufa," akasema. "Haya. Uchukue."

Mama akasema jina la Mungu. Mimi nilikuwa na hasira za kutosha kumvunja vidole, naapa. Nilitaka ashindane nami, nilitaka anikatalie kwa nguvu ili nami nipate cha kupigana nacho. Mkono ule nilikuwa naujua. Ulikuwa ukibeba sanduku la mikate na mimi nimekaa juu yake. Nikakanyaga chini vizuri, nikashika kidole cha kwanza, nikavuta.

Kikafunguka. Nilikuwa nimevuta kwa nguvu kiasi kwamba nikayumba. Cha pili sikukivuta, nilikigusa tu, kikafuata. Nikamtazama nijue kama ameamua kuniachia, kama ananionea huruma. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Meno ameyauma, bega lote linatetemeka, jasho limemtoka kwenye paji la uso na linashuka puani. Na chini ya jasho lote hilo kiganja kilikuwa wazi, ufunguo umelala katikati, mtu yeyote angeuokota.

Aliuangalia hata yeye, kana kwamba hakuutarajia. Hasira ilikuwa imemwisha usoni.

"Nimekaza, mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini, Kengele asisikie. "Hapo nimekaza kweli."